Dari ya Mbao na Uhakika wa Kukaa: Historia ya Umaliziaji wa Nyumba Mpanda, Mkoani Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dari za mbao katika mji wa Mpanda na maeneo yanayouzunguka, kuanzia kuenea kwa paa la bati hadi sasa. Hoja kuu ni kwamba dari, kwa kuwa ndiyo kazi inayofanywa mwisho katika ujenzi wa nyumba ya kawaida, ni ushahidi wa kihistoria kuhusu lini na kwa kiasi gani mwenye nyumba aliamini kwamba atabaki mahali alipo. Hoja hiyo inapimwa kwa mifano minne: makazi ya mgodi na reli katika miaka ya 1950, nyumba za wananchi baada ya uhuru, makazi ya Katumba na Mishamo, na nyumba moja ya familia ambayo dari yake ilikarabatiwa na mwandishi. Makala yanahitimisha kwamba dari za zamani za mninga zinastahili kuchunguzwa kabla ya kung'olewa, kwa sababu mbao zake hazitapatikana tena kwa urahisi na maandishi yaliyo juu yake hayana nakala.

1.0 Utangulizi

Nyumba nyingi za Tanzania hujengwa kwa awamu. Msingi huchimbwa mwaka mmoja, kuta hupandishwa mwaka unaofuata, kenchi na bati husubiri mavuno au malipo ya uzeeni, na mara bati linapokaa familia huhamia. Plasta, sakafu, rangi na dari hufuata wakati mwingine baada ya miaka kumi, na wakati mwingine havifuati kabisa. Kwa hiyo mgeni anapoketi sebuleni na kutazama juu, anaona mahali ambapo fedha, nguvu au imani ya mwenye nyumba iliishia.

Pamoja na hayo, mjadala wa makazi nchini umejikita zaidi katika kuta na paa. Tunahesabu nyumba za tofali za kuchoma, za saruji, za nyasi na za bati, lakini kilicho kati ya bati na kichwa cha mkaaji hakipewi nafasi hiyo. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuuliza swali moja: je, umaliziaji wa dari unaweza kusomwa kama hati ya historia?

Mpanda inafaa kwa swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu uko katikati ya misitu ya miombo, ambamo huota mninga, mojawapo ya miti bora ya useremala barani Afrika. Pili, historia ya eneo hili ni historia ya watu wanaofika na kuondoka: wamisionari, wachimbaji, wafanyakazi wa reli, wakimbizi na wafugaji. Uhusiano wa mbao na uhakika wa kukaa unaweza kuonekana hapa waziwazi kuliko katika miji ambayo wakazi wake hawajawahi kuulizwa kama watabaki. Makala yanategemea historia inayofahamika ya mkoa, sifa za mbao zenyewe, na nyumba moja ambayo mwandishi anaifahamu tangu utotoni.

2.0 Nyumba Zisizohitaji Dari

Neno dari halikuwa na maana moja. Katika miji ya pwani, dari ilikuwa sehemu ya jengo lenyewe: boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa, zikawa tumbo la chumba cha chini na sakafu ya chumba cha juu. Bara, katika nyumba nyingi za msonge na tembe, kilichokaribia dari kilikuwa uchaga wa fito uliowekwa juu ya moto kwa ajili ya kuhifadhia mbegu na mahindi. Kazi yake ilikuwa ghala.

Nyumba hizo hazikuwa na upungufu kwa kukosa dari ya kufunika paa. Nyasi nene na udongo wa tembe huzuia joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni na Julai. Umaliziaji nao ulikuwapo, ila haukununuliwa. Moshi wa kila siku ulipaka fito rangi nyeusi yenye kung'aa na kuwafukuza dumuzi na wadudu wengine watobao miti. Mwanahistoria anayesema kwamba nyumba hizo hazikumaliziwa atakuwa anapima kwa kipimo cha dukani.

Hata hivyo, useremala wa aina nyingine uliingia mapema katika ukingo wa Ziwa Tanganyika. Karema, ambayo leo imo katika Wilaya ya Tanganyika, ilianzishwa kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Shirika hilo lilikuwa na mabruda waliokuwa mafundi wa ujenzi, na kazi za misheni zilihitaji milango, madirisha, madawati na kenchi. Hapo mbao iliyopasuliwa kwa msumeno na kulainishwa kwa randa ilianza kuwa alama ya jengo linalokusudiwa kudumu. Lakini misheni ilikuwa taasisi. Swali la dari ya mtu wa kawaida lilisubiri bati.

3.0 Bati, Mgodi na Reli, 1950 hadi 1960

Bati ndilo lililoifanya dari kuwa hitaji. Karatasi ya bati hupitisha joto la jua kwa urahisi, na mvua kubwa ya Januari inapolipiga, watu walio chumba kimoja hawasikilizani. Mpanda hupata mvua takriban kuanzia Novemba hadi Aprili na kiangazi kirefu baada ya hapo, kwa hiyo mkaaji wa nyumba ya bati isiyo na dari husumbuliwa na kelele nusu ya mwaka na joto nusu nyingine.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa kasi kutokana na madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, katika mgodi wa Mukwamba karibu na Mpanda, na ili madini hayo yafike pwani, tawi la reli la takriban kilomita 210 lilijengwa kutoka Kaliua katika Reli ya Kati. Tawi hilo lilianza kazi mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960.

Katika Tanganyika ya kikoloni, makazi ya watumishi yaligawanywa kwa madaraja yaliyofuata rangi ya mtu na cheo chake. Dari ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotenganisha madaraja hayo. Nyumba ya ofisa wa Kizungu ilitarajiwa kuwa na dari, veranda na wavu wa mbu, ilhali chumba cha kibarua kilitarajiwa kuwa na paa tu. Hivyo mtoto wa kibarua aliyetumwa kupeleka kitu katika nyumba ya ofisa alijifunza kwamba chumba kinaweza kuwa na kifuniko cha pili juu yake.

Mfano huu unaonekana kuipinga hoja ya makala haya. Mgodi ulidumu takriban miaka kumi, na maofisa wake walijua kwamba wangeondoka, lakini wao ndio waliokuwa na dari. Kibarua aliyetoka vijiji vya jirani, ambaye angebaki, hakuwa nayo. Ukinzani huo unatulazimisha kuiboresha hoja. Pale ambapo gharama inabebwa na mwajiri, dari hupima cheo. Pale ambapo gharama inabebwa na mkaaji mwenyewe, ndipo dari inapopima uhakika wa kukaa. Tofauti hiyo itaongoza sehemu zinazofuata.

4.0 Dari ya Mwananchi Baada ya Uhuru

Mgodi ulipofungwa, reli ilibaki, na pamoja nayo soko la mbao. Wapasuaji waliingia miomboni, wakachimba shimo, wakalaza gogo juu yake na kulipasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa juu na mwingine chini akipokea vumbi machoni. Fundi wa mjini aliipokea mbao hiyo, akaiacha ikauke kivulini, akaipiga randa, na akitaka dari iliyofungana vizuri alichonga ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili ubao mmoja uingie katika mwenzake.

Mninga unafaa sana kwa kazi hiyo. Husinyaa kidogo mno unapokauka, kwa hiyo ubao uliopigiliwa wakati wa masika hauachi mwanya mkubwa kiangazi. Kiini chake huvumilia mchwa. Haupasuki ovyo unapopigiliwa msumari, na ukipakwa mafuta hutoa rangi ya hudhurungi yenye mistari myekundu. Kwa mkazi wa Mpanda wa miaka ya 1960 na 1970 sifa hizo hazikuwa anasa. Mninga ulikuwa mbao ya karibu. Ubao wa msonobari uliopandwa ungelazimika kusafirishwa kutoka mbali.

Hapa tunakutana na jambo linalostahili maelezo. Dari nyingi za mninga za kipindi hicho zilifunikwa kwa rangi ya mafuta, nyeupe, ya samawati au ya krimu. Mtu wa leo huliona tendo hilo kama uharibifu. Lakini tukilitazama kwa macho ya wakati ule, lilikuwa na mantiki. Mbao tupu ilikuwa kila mahali: kwenye kitanda, kwenye mlango wa stoo, kwenye meza ya jikoni. Kilichokuwa adimu ni rangi ya kopo, iliyonunuliwa kwa fedha taslimu. Aliyepaka rangi alionyesha kwamba amefikia hatua ya kununua kitu kisichotoka porini, na pia aliongeza mwanga katika chumba chenye madirisha madogo.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na bati na kudharau tofali za kuchoma na vigae ambavyo wangeweza kuvitengeneza wenyewe. Lawama hiyo ilihusu kuta na mapaa. Dari ya mninga ya Mpanda ilikuwa nje ya lawama hiyo, kwa kuwa kila kitu ndani yake isipokuwa misumari na rangi kilitoka katika wilaya yenyewe. Inashangaza kwamba sehemu ya nyumba iliyokaribia zaidi kujitegemea ndiyo iliyofichwa chini ya rangi ya kununua.

5.0 Katumba na Mishamo: Nyumba Zilizosubiri

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta maelfu ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Makazi ya Katumba, ambayo sasa yamo katika Halmashauri ya Nsimbo, yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyomo katika Wilaya ya Tanganyika, mwaka 1978. Familia zilipewa mashamba msituni, zikafyeka, zikafyatua tofali na kujenga. Kwa muda mfupi zilikuwa zikilima ziada na kuuza.

Ustadi haukukosekana, wala mbao haikukosekana. Kilichokosekana ni jibu la swali la kukaa. Mchakato wa kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 ulipoanza karibu na mwaka 2008, uliambatana na mpango wa kuyafunga makazi na kuwahamishia raia wapya katika mikoa mingine. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, lakini kwa miaka kadhaa hawakupewa vyeti. Ugawaji wa vyeti ulianza mwaka 2014, na mpango wa kuwahamisha kwa lazima uliachwa.

Tujiweke katika nafasi ya mzee wa Katumba mwaka 2010. Ameishi katika nyumba hiyo zaidi ya miaka thelathini. Watoto wake wamezaliwa hapo. Je, atapigilia dari? Ubao uliopigiliwa hauhamishiki kama kitanda. Ukiung'oa huchanika kwenye misumari, na nyumba nyingine haina vipimo vilevile. Mtu anayeweza kuambiwa ahame huweka fedha zake katika vitu vinavyobebeka: baiskeli, mifugo, mabati ambayo yanaweza kung'olewa na kuezekwa kwingine. Kukosekana kwa dari kwa mtu kama huyo hakuthibitishi umaskini wala uzembe. Ni uamuzi wa busara uliotokana na hali ya kisheria.

Ulinganisho wa mifano hii miwili ndio kiini cha makala. Mgodi uliwapa dari watu walioondoka baada ya miaka kumi. Watu waliokaa miaka arobaini hawakuwa na sababu ya kuipigilia. Mtafiti anayepima ubora wa makazi kwa kuhesabu dari peke yake, bila kuuliza nani alilipa na nani aliruhusiwa kubaki, atapata hesabu sahihi na tafsiri potofu.

6.0 Nyumba Moja Mjini Mpanda

Sehemu hii inaeleza nyumba ya wazazi wangu, si kwa kuwa ni ya pekee bali kwa kuwa niliweza kuichunguza kwa mikono yangu. Marehemu baba alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa mara nyingi. Alipoezeka nyumba hiyo hakuweka dari, na tulikua tukihesabu matundu ya misumari kwenye bati kama nyota. Dari iliwekwa mwaka ule alipoamua kwamba hata akihamishwa tena, familia itabaki Mpanda. Mama hukumbuka mwaka huo kwa jina la dari, si kwa tarakimu.

Nilipoanza ukarabati, fundi alinishauri niing'oe yote na kuweka jipsamu. Dari ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta mara kadhaa, ikabanduka magamba, na popo walikuwa wameacha madoa kwenye pembe. Kabla ya kukubali, tulifungua ubao mmoja kandoni. Upande wa juu, ambao haukuwahi kupakwa, ulikuwa mninga mtupu, na juu yake palikuwa na namba za fundi kwa penseli, kutoka moja hadi kumi na tisa, pamoja na hesabu ndogo ya misumari. Fundi huyo hatukumjua tena jina. Hesabu yake ndiyo hati pekee aliyoiacha katika nyumba yetu.

Nilifanya makosa mawili ambayo yanastahili kuandikwa. Kosa la kwanza lilikuwa kusugua rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za karne ya 20, duniani kote, zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Nilipolitambua hilo nilisimamisha kazi, nikawahamisha watoto, nikatumia msasa wa maji, barakoa na turubai la kukusanyia uchafu. Haiwezekani kudai kwamba risasi ya Mukwamba ndiyo iliyorudi Mpanda ndani ya kopo la rangi. Lakini mji uliotoa risasi kwa treni unapaswa kuwa wa kwanza kujua hatari yake inaporudi kama vumbi la sebuleni.

Kosa la pili lilikuwa kupaka vanishi mwezi Desemba. Hewa ilikuwa na unyevu mwingi, vanishi ikachelewa kukauka, na usiku kumbikumbi walioifuata taa walinasa juu yake kwa mamia. Ilibidi nisugue tena na kusubiri Juni. Wakati wa kiangazi, matabaka matatu membamba, kila moja likisuguliwa kidogo kwa msasa laini kabla ya linalofuata, yalikauka bila tatizo. Mafundi wa zamani, ambao walipanga kazi ya ndani baada ya mavuno, hawakufanya hivyo kwa sababu ya fedha za mavuno peke yake. Majira yenyewe yalikuwa sehemu ya ufundi.

Ubao wenye namba tuliurudisha mahali pake, namba zikiwa juu kama zilivyokuwa, baada ya kuzipiga picha.

7.0 Mninga Unapogeuka Hazina

Mazingira yaliyoifanya dari ya mninga kuwa kitu cha kawaida yamekwisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na tangu mwaka 2011 Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ndio unaosimamia misitu ya serikali kuu. Mwaka 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliziingiza spishi za Afrika za jenasi ya mninga katika Kiambatisho cha Pili, kinachodhibiti biashara ya kimataifa. Katika vilima vya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vimeingia katika mradi wa Carbon Tanzania ambao huwalipa kwa kuacha msitu usimame. Kwa mara ya kwanza, mti usiokatwa una bei inayoingia katika mfuko wa kijiji.

Hatua hizo zina sababu ya msingi. Mninga hukua polepole, na mti unaofaa kupasuliwa mbao huchukua miongo mingi, pengine karibu karne moja. Aliyeupanda hatauvuna. Hivyo mkazi wa Mpanda anayejenga leo huchagua jipsamu, dari ya plastiki au mbao za msonobari kutoka Nyanda za Juu Kusini. Uchaguzi huo si wa kulaumiwa. Jipsamu ni nyepesi, nyeupe na hukamilika haraka, ingawa bati likivuja hulowa na kudondoka.

Tatizo liko kwingine. Wakati mbao mpya ya mninga inazidi kuwa adimu, ya zamani inang'olewa na kutupwa kwa kuwa haitambuliki chini ya rangi. Nyingine huishia kuwa kuni. Hasara yake ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mali: mbao iliyokwisha kukauka kwa miaka arobaini, isiyopinda tena, inateketezwa. Ya pili ni ya kumbukumbu: namba, alama na vipimo vya mafundi ambao hawakuandikwa popote vinapotea navyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dari ya mbao Mpanda haiwezi kuelezwa kwa kigezo cha kipato pekee. Ilianza kama hitaji lililoletwa na bati, ikatumiwa na mwajiri kutenganisha vyeo, kisha ikawa njia ya mwananchi kutangaza kwamba amekaa. Pale ambapo sheria au siasa ziliacha swali la kukaa bila jibu, kama ilivyokuwa Katumba na Mishamo, dari inaweza kukosekana hata mahali penye mbao na mafundi.

Mapendekezo mawili yanatokana na hoja hiyo. Kwa watafiti wa makazi, dari iingizwe katika uchunguzi pamoja na tarehe ya kuwekwa kwake, kwa kuwa tarehe hiyo mara nyingi husema zaidi kuliko tarehe ya kuezeka. Kwa wenye nyumba za zamani katika mji wa Mpanda, ubao mmoja ufunguliwe na kutazamwa upande wa juu kabla ya uamuzi wa kung'oa. Ukarabati unaweza kuendelea baada ya hapo kwa namna yoyote inayomfaa mwenye nyumba. Kinachoombwa ni kwamba upande ambao haukupakwa rangi usomwe kwanza, kwa kuwa ndipo fundi alipoandika.